Mtumbwi wa Loku

Jumatatu hiyo, saa mbili na nusu asubuhi, Luteni Wiyual wa polisi ya Juba alikuta faili mbili mezani kwake, na kabla hajakaa vizuri kitini alikuwa ameshakasirika.

Faili ya kwanza ilikuwa ya wizi. Wakenya watatu, Rufus, Kiprono na Immaculate, walimkodi mvuvi awachukue kwa mtumbwi kutoka Juba siku ya Jumamosi, wateremke na mto kuelekea kaskazini, walale usiku mmoja ukingoni penye msitu, na kesho yake wakutane na gari kwenye barabara ya Bor. Mvuvi huyo, kwa mujibu wa faili, alingoja walale, akapakia begi lao lenye kamera, akatoroka.

Faili ya pili ilikuwa ya mtu aliyepotea. Mwanamke wa upande wa Gondokoro, jina lake Teresina, alisema mumewe aliondoka Jumamosi na abiria watatu na mpaka sasa hajaonekana.

Wiyual alisoma jina la mwizi. Loku. Akasoma jina la aliyepotea. Loku.

"Maker!"

Sajini Maker aliingia akitafuna andazi. Alikuwa mtu mrefu, mnene, mwenye hati nzuri kuliko wote kituoni, na ndiyo maana alikabidhiwa kitabu cha matukio.

"Hizi faili umezifungua wewe?"

"Ndiyo, afande. Ya Wakenya saa moja na nusu, ya mama saa mbili kasorobo."

"Na hukuona kwamba huyu ni mtu mmoja?"

Maker aliinama akazitazama, ya kwanza, kisha ya pili, kisha akarudi ya kwanza. "Moja ni wizi, afande. Nyingine ni kupotea. Zina rejista tofauti."

Wiyual alifumba macho. Alikuwa amekulia Eldoret, akasoma huko mpaka chuo, akarudi nyumbani mwaka mmoja baada ya mkataba wa amani kutiwa saini. Sasa ilikuwa Februari 2009, na katika miaka hiyo yote hakuna Mkenya aliyeibiwa, aliyepigwa wala aliyegongwa na bodaboda mjini Juba ambaye faili yake haikutua mezani kwake. Mkuu wa kituo alisema ni kwa sababu ya Kiswahili chake. Wiyual aliona ni kwa sababu hakuna mwingine aliyezitaka.

"Wako wapi hawa watu?"

"Nje, afande. Kwenye benchi."

Alichungulia dirishani. Benchi lilikuwa moja. Wakenya watatu walikaa upande mmoja, wamebanana, hawaongei. Upande wa pili alikaa mwanamke wa makamo mwenye kitenge cha kijani, mikono ameipakata, anatazama lango. Walikuwa wamekaa hivyo karibu saa nzima bila kujua kwamba wanangoja habari za mtu mmoja.

"Mlete mama kwanza," alisema Wiyual.

Teresina aliingia akasimama. Alipoambiwa akae, alikaa pembeni kabisa mwa kiti. Kiswahili chake kilikuwa cha Uganda, alikokaa ukimbizini miaka kumi na minne, ila luteni alimwita mulazim, kwa Kiarabu cha Juba.

"Mama, mumeo alisema atarudi lini?"

"Yeye nasema leo jioni. Kupanda mto iko kazi, mulazim. Nachukua siku moja na nusu."

"Basi leo jioni haijafika. Mbona umekuja asubuhi kusema amepotea?"

Mwanamke alimtazama kama aliyeulizwa mara ya pili swali alilokwisha kulijibu. "Wavuvi walikuja jana. Wao naona mtumbwi yake. Nalala kichwa chini, imeshikwa kwa mafunjo, chini huko, karibu na Longoro. Mtu hapana."

Wiyual alifungua faili ya pili. Akapekua ukurasa, akaupekua upande wa nyuma. "Haya ulimwambia sajini?"

"Mimi nasema. Yeye hapana andika."

"Maker!"

"Afande, hiyo ilikuwa habari ya mtumbwi," alisema Maker kutoka mlangoni. "Mama amekuja kuripoti mtu."

Kalamu aliyoichukua Wiyual haikuandika, akaitupa, akachukua ya pili. "Mama, nisamehe kwa swali hili. Mumeo amewahi kuchukua kitu cha mtu?"

"Bwana yangu hapana mwizi," alisema Teresina, bila kupandisha sauti. "Na kama yeye naiba, nalala wapi? Nyumba yake iko moja tu."

*

Rufus alikuwa meneja wa hoteli moja ya mahema na kontena iliyo ukingoni mwa mto. Alivaa shati lililopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa, ila kwenye kiganja cha mkono wa kulia alikuwa na malengelenge mawili yaliyopasuka.

"Ilikuwa safari ya majaribio, afande," alieleza. "Nilitaka tuwe tunawapeleka wageni wetu. Mto huko chini umetulia, una misitu pande zote mbili, ndege, utulivu. Nilimchukua Immaculate kwa kuwa ni rafiki, anafundisha Munuki. Kiprono ndiye fundi wa jenereta zetu, anakaa Gurei. Tulilala saa tatu kamili. Tulipoamka saa kumi na mbili na robo tukakuta mtumbwi haupo, na begi halipo. Ni mtu ambaye hatukumtilia shaka hata kidogo."

Wiyual alimshukuru, akamwita Kiprono.

"Tulilala saa tatu kamili," alisema Kiprono, kijana wa miaka thelathini hivi, mabega mapana. "Tukaamka saa kumi na mbili na robo, mtumbwi haupo, begi haliko. Afande, huyo mtu hatukumtilia shaka hata kidogo."

Immaculate aliingia wa mwisho. Alikuwa na mkwaruzo mrefu kwenye shavu na macho ya mtu asiyelala. "Tulilala saa tatu kamili," alianza.

"Na mkaamka saa kumi na mbili na robo," alisema Wiyual.

"Ndiyo."

"Na hamkumtilia shaka hata kidogo."

Mwalimu aligusa mkwaruzo wa shavuni.

Wiyual alivuta pumzi. Kwa miaka yote ya kazi hii hakuwahi kukutana na watu watatu walioamka msituni, bila saa ya ukutani wala kengele, dakika ileile. Angalau wangejipa shida ya kubadilisha maneno. Aliwaita tena mmoja mmoja, na safari hii hakuuliza chochote kuhusu usiku.

"Asubuhi ya Jumapili mlikula nini pale kambini?"

"Mkate na mayai ya kuchemsha," alisema Rufus haraka. "Tulikuwa na mayai kumi."

"Kula nini tena, afande?" alisema Kiprono. "Tulianza kutafuta mtumbwi mara moja. Hatukula kitu."

Immaculate alifikiri kwa muda mrefu. "Chai," alisema mwishowe. Kisha macho yake yakajaa machozi, na Wiyual alipomuuliza chai hiyo waliichemshia nini, akatikisa kichwa akakataa kusema neno zaidi.

Hadithi waliyoipanga iliishia pale walipoamka. Hakuna aliyekumbuka kwamba watu wakiamka hula.

*

Saa tano Sajini Maker aliingia ofisini kwa kishindo, anaongoza mwanamke muuza samaki, na mkononi ameshika begi jekundu la mgongoni linalonuka matope.

"Afande, kesi kwisha! Kalas! Nimemkamata sokoni Custom akiwa nalo. Huyu anaitwa Achan. Ni mwenzake Loku, wanauza vitu vya wizi."

"Loku gani?" alifoka Achan. "Mimi namjua Loku wapi? Nimepewa na wavuvi wa Longoro leo alfajiri waliponiletea samaki! Wamelitoa kwenye nyavu. Nilimwambia huyu mtu wako, akanisukuma mbele ya wateja wangu, na samaki wangu wako juani sasa hivi! Nani atawanunua wakioza?"

"Maker, umelifungua hilo begi?"

"Ni kidhibiti, afande. Kidhibiti hakiguswi."

Wiyual alilifungua mwenyewe. Maji yalimwagika mezani juu ya faili zote mbili. Alitoa madaftari ya wanafunzi yaliyovimba kama mikate, tochi, kanga moja, na chini kabisa kamera kubwa nyeusi, lenzi yake imejaa matope.

Hata Achan alisahau samaki wake kidogo.

"Niambie, Maker," alisema Wiyual. "Mwizi anaiba kamera usiku, halafu anaitupa mtoni?"

Maker alifikiri. "Labda iliharibika."

"Mrudishe mama huyu Custom. Kwa gari, si kwa miguu. Na umwombe radhi mbele ya wateja wake haohao."

"Gari halina mafuta, afande."

Wiyual alisimama. Alikwenda hadi dirishani, akarudi, akakaa, akasimama tena. Gari lipo, mafuta hayapo. Boti ya polisi ipo, injini iko kwa fundi tangu Krismasi. Mtu yupo katika faili mbili, na hayupo popote pengine.

Alitoka nje akamwendea Rufus. "Umekuja na gari la hoteli?"

"Ndiyo, lakini, afande, nina wageni wanaofika saa saba..."

"Funguo."

*

Waliondoka watano: Rufus kwenye usukani, Wiyual kando yake, Teresina, Immaculate na Kiprono nyuma. Maker aliachwa akiwa na pesa za bodaboda za Achan, alizozitoa Wiyual mwenyewe mfukoni, na maagizo ambayo hata yeye hangeweza kuyaelewa vingine. Wakavuka daraja, wakashika barabara ya Bor, vumbi linaingia kila upenyo.

"Mlilala wapi hasa?" aliuliza Wiyual baada ya mwendo mrefu.

"Si rahisi kupatambua kutokea barabarani," alisema Rufus. "Miti inafanana. Kusema kweli sidhani kama naweza..."

"Mimi najua," alisema Teresina kutoka nyuma. "Loku nafunga mtumbwi mahali moja. Kwa mkwaju mbili. Mbele huko, kata mkono ya kushoto."

Walipofika, Rufus akakata kushoto. Malengelenge ya kiganja chake yaliacha alama ya unyevu kwenye usukani, na Wiyual aliyatazama kwa mara ya pili. Hayo hayakuwa ya kushika kalamu hotelini.

Njia iliishia kwenye majani. Wakatembea robo saa katikati ya migunga, mpaka ardhi ikaanza kuteremka na hewa ikapoa. Kisha mto ukaonekana. Ulikuwa mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, unapita taratibu kiasi kwamba jani lililoanguka lilionekana kama linafikiri kabla ya kuondoka. Miti iliinamia maji pande zote mbili. Palikuwa pazuri kweli. Mtu angeelewa kwa nini meneja wa hoteli alitaka kupauza.

"Msisogee," Wiyual aliwaambia wote. "Simameni hapohapo."

Alizunguka peke yake. Vijiti vinne vya kufungia vyandarua bado vilikuwa vimesimama. Majivu ya moto yalikuwa na samaki wawili waliobanikwa mpaka wakawa mkaa, kijiti bado kimewapitia. Nyuma ya kambi, kati ya miti, nyasi zilikanyagwa upana wa barabara, na kinyesi cha ng'ombe kilitapakaa kila mahali, kimeanza kukauka juu tu. Ng'ombe wengi walipita, mia au zaidi.

Alirudi ukingoni. Kwenye shina la mkwaju wa pili kulikuwa na kamba imefungwa fundo safi, la mtu anayefunga kila siku. Kipande chenyewe hakikufika urefu wa mkono. Ncha yake ilikuwa imekatwa kwa kisu, mkato mmoja, nyuzi zote sawa.

Na hatua mbili kutoka hapo, umechomekwa wima kwenye matope, ulisimama mti mrefu uliochongwa, laini kwa kushikwashikwa.

Teresina aliuona wakati huohuo. Alisahau amri ya kusimama, akaenda akaushika kwa mikono miwili.

"Upondo yake," alisema. "Mulazim, hii ni upondo yake."

"Bila huu anaweza kurudi Juba?"

"Hapana! Kushuka, kafi natosha, maji nakubeba. Kupanda, bila hii hapana fika. Loku naacha nguo yake, naacha chakula. Hii hapana acha."

Wiyual aligeuka. Wakenya watatu walikuwa wamesimama pale alipowaacha, wamekaribiana tena kama kwenye benchi.

"Njooni hapa," alisema. "Nimechoka, kwa hiyo nitasema mara moja tu. Mwenye mtumbwi akitaka kuondoka, anafungua fundo lake mwenyewe. Hakati kamba yake kwa kisu. Mwenye mtumbwi akitaka kwenda kwao, anachukua upondo. Hauachi umesimama. Na mtu aliyepanga kuiba hawezi kubanika samaki wa chakula chake halafu awaache waungue. Mtumbwi huu haukuchukuliwa na Loku. Ulichukuliwa na mtu asiyejua kufungua fundo la wavuvi, asiyejua upondo ni wa nini, na aliyepiga kafi kwa nguvu usiku mzima mpaka mikono ikapasuka." Akamtazama Rufus. "Nionyeshe viganja vyako."

Rufus hakuvionyesha. Ni Immaculate aliyesema.

"Tulimwacha," alisema. "Tulimwacha, afande."

"Imma!" alisema Kiprono.

"Wewe nyamaza! Ni wewe uliyekata!" Alijifuta uso kwa kiganja. "Ilikuwa kama saa nne. Giza, mwezi haukuwepo. Tukasikia miluzi kwenye miti, na sauti za wanaume, wengi, na tochi zinakuja. Loku alikuwa motoni. Akasema tusiogope, atakwenda kuongea nao. Akaingia kwenye miti. Halafu risasi. Moja tu. Paa! Mimi nikapiga kelele, sijui nilisema nini. Tukajikuta ndani ya mtumbwi."

"Nani aliyekata kamba?"

"Mimi," alisema Kiprono. "Fundo lilikataa. Nilidhani wanatufuata, afande. Watu wanasema vitu vingi juu ya barabara hii."

"Walikuwa wachungaji," alisema Wiyual. "Wanahamisha ng'ombe kutafuta maji. Kinyesi kimejaa hapo nyuma, mchana kweupe mtoto angekiona. Risasi moja wanapiga kufukuza fisi." Alijizuia kidogo. "Na Loku?"

Maji yalipita. Teresina alikuwa bado ameushika upondo, na sasa aliwatazama watu watatu hawa kwa mara ya kwanza, mmoja baada ya mwingine.

"Alitoka," alisema Rufus hatimaye. "Tulikuwa tumeshafika katikati. Tulimwona kwenye mwanga wa moto. Alituita."

"Alisema nini?"

"Alisema ngoja."

"Mara ngapi?"

Rufus alitazama viatu vyake vilivyong'arishwa, ambavyo sasa vilikuwa na matope. "Sikuhesabu. Tulikuwa hatujui kuuongoza. Tukazunguka, tukagonga kisiki, ukapinduka penye mafunjo. Tukajikokota mpaka nchi kavu. Tulitembea hadi barabarani, alfajiri lori likatuchukua. Begi lilikuwa limekwenda na maji."

"Na ndipo mkaamua kwamba ni mwizi."

"Tulidhani wamemuua, afande. Nilijua nitaulizwa kazini nilimwacha wapi. Mimi ndiye niliyepanga safari." Alificha mikono nyuma. "Tulisema, kama ameshakufa, kumwita mwizi hakutamuumiza."

Wiyual alijikuta amemtazama Teresina. Kila neno lilikuwa limesemwa kwa Kiswahili, na Kiswahili alikisikia vizuri kuliko alivyokisema. Hakulia. Aliung'oa upondo kutoka kwenye matope, akautia begani, akaanza kutembea ukingoni kuelekea kaskazini.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Miguu yake iko hapa," alisema bila kugeuka.

Kweli. Kwenye matope yaliyokauka kulikuwa na nyayo za mtu peku, vidole vimezama, kisigino hakionekani. Nyayo za mtu anayekimbia. Zilifuata ukingo. Kila baada ya hatua kumi au kumi na tano ziligeuka zikaingia majini, penye mafunjo, kisha zikatoka tena zikiwa na matope mengi zaidi, zikaendelea mbele. Kuingia na kutoka. Kuingia na kutoka. Wiyual alizifuata karibu kilomita nzima kabla ya kuelewa, na alipoelewa akasimama.

Loku hakuwa akikimbia watu. Alikuwa akitafuta maiti tatu.

*

Longoro, walikofika kwa gari, ilikuwa senta ya maduka sita kando ya barabara. Kituo cha polisi kilikuwa kibanda cha mabati, na nyuma yake kontena la bluu lililokatwa dirisha dogo. Ilikuwa saa kumi jioni, na koplo wa zamu alikuwa anacheza karata na muuza soda.

"Tunamtafuta mvuvi," alisema Wiyual. "Anaitwa Loku. Huenda ni maiti. Kuna maiti yoyote iliyotolewa mtoni tangu Jumapili?"

"Maiti mafi, hakuna," alisema koplo, akasimama akatafuta kofia yake. "Hapa tuna mwizi tu."

"Mwizi gani?"

"Yule aliyewaibia Wakenya. Waliripoti hapa Jumapili alfajiri, wakiwa kwenye lori." Alimwona Rufus akatabasamu. "Huyu hapa! Bwana, mtu wako tumemshika! Alijileta mwenyewe."

Wiyual aligeuka polepole. "Uliripoti hapa?"

"Kwa kifupi tu," alisema Rufus. "Dereva alisimama kununua maji, kulikuwa na askari, akauliza kwa nini tumelowa..."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza, afande."

Kulikuwa na kitabu. Wiyual alikisoma akiwa amesimama. Jumapili, saa sita mchana, mshukiwa alifika kituoni kwa miguu, amelowa, amechanika. Amekiri kwamba amepoteza watu watatu na mtumbwi. Amewekwa ndani.

"Amekiri," alisema Wiyual. "Koplo, mtu huyu alikuja kukuambia kwamba watu wamezama. Alikuja kukuomba msaada wa kuwatafuta!"

"Alisema amewapoteza, afande. Nimeandika alivyosema, na nani amemshtaki ataelezwa mahakamani."

"Na kwa nini Juba hatukuambiwa?"

"Redio haina betri."

Faili tatu, basi. Moja ya mwizi, moja ya aliyepotea, na hii ya tatu, ya mtu ambaye tangu jana mchana alikuwa mikononi mwa polisi wenyewe. Wiyual alitaka kumpigia mtu kelele, lakini alipoangalia huku na huku hakuona aliyebaki ambaye hakuwa ameshampigia. "Fungua," alisema.

Mlango wa kontena ulilia. Joto lilitoka kwanza, halafu mtu. Alikuwa mwembamba, mvi chache kidevuni, miguu na mikono imechanwachanwa na mafunjo mpaka magotini na viwikoni. Macho yalikuwa yamevimba kwa jua la ghafla. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kuita.

"Mulazim," alisema Loku, kabla hajaulizwa jina. "Ile watu tatu. Wewe nalipata? Mimi natafuta, natafuta mpaka asubuhi. Ile mama hapana jua kuogelea, yeye naniambia. Nalipata mwili?"

Wiyual akasogea pembeni.

Nyuma yake walisimama Rufus, Kiprono na Immaculate, wamelowa jasho, wazima wote.

Loku alitazama. Midomo yake ilihesabu bila sauti. Kisha akatoa mlio ambao haukuwa kicheko wala kilio, akawaendea kwa miguu ile mibovu, akashika mikono yote miwili ya Rufus, mikono yenye malengelenge, akaitikisa na kuitikisa.

"Mungu mkubwa!" alisema. "Nyinyi iko hai! Mimi nasema wamekufa kwa mkono yangu. Mimi nasema nitaambia watoto yao nini?"

Immaculate alifunika uso. Kiprono alikuwa ametazama barabara. Mikono ya Rufus ikabaki mikononi mwa mvuvi kama vitu visivyo vyake.

"Mwambie," alisema Wiyual.

Rufus alitikisa kichwa.

Ndipo Teresina akaja. Alikuwa ameegemeza upondo ukutani mwa kibanda. Alisimama kando ya mumewe, akamgusa bega kuhakikisha, akamwambia maneno machache ya Kibari, taratibu, bila hasira. Wiyual hakukijua Kibari, ila alilitambua neno moja la Kiswahili katikati yake: mwizi. Alimwona Loku akimsikiliza mkewe, bado anatabasamu, kisha tabasamu likabaki tu usoni bila mwenyewe.

Loku aliutazama uso wa Rufus kwa muda. Halafu akaiachilia mikono yake, mmoja kwanza, na baadaye wa pili.